Mita za Mama Dévote

Nianze kwa kutubu, maana Mungu anajua na mimi najua. Mwezi wa kwanza, baada ya ibada, Mama Dévote alinipa barua ya serikali nimsomee. Shule yangu mimi iliishia darasa la sita, lakini kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nilikuwa katibu wa kwaya, na jina la Katibu limenifuata mpaka Sydney. Mtu akishaitwa Katibu anaona aibu kusema sijaelewa. Niliona tarakimu kubwa, nikamwambia: "Hongera mama, ardhi yako imepanda thamani!" Jumapili iliyofuata akasimama na kitenge kipya, akatoa ushuhuda, kanisa likapiga vigelegele. Barua ikabaki ndani ya Biblia yangu, kwenye kitabu cha Hesabu, ambacho sikifungui mara nyingi. Wiki hii nikaifungua. Ukurasa wa pili unasema kodi ya kaunsili, yaani halmashauri ya mji, itafuata thamani hiyo, na asiyekubali ana siku sitini za kupinga. Zimebaki nne.

Benchi letu liko mbele ya duka la kufulia nguo kwa mashine, hatua chache toka stesheni ya Seven Hills. Leo Jumamosi, mwezi huu wa tatu wa 2020, wa corona, tulikuwa watatu kama kawaida. Masumbuko tunamwita Maître, yaani wakili, kwa sababu alipinga faini ya parking mahakamani, akashindwa, akaongezewa gharama. Mzee Bizimana tunamwita Rufaa, kwa sababu kesi yake ya kuja huku ilikataliwa mara nne. Chupa ya kahawa ya tangawizi ni yake. Kila mtu alikuja na kikombe chake, tukaachiana mita moja na nusu, maana yake Maître alikaa juu ya ndoo. Nikawaeleza habari ya barua.

Maître: Siku nne? Nyingi hizo. Haraka haraka haina baraka.

Rufaa: Wewe ile ya parking ulipeleka siku ya ngapi?

Maître: Tusirudi huko, mzee, quand même!

Rufaa: Katibu, shika kalamu. Andika: "Mimi ni mjane. Nilivuka ziwa na watoto watano."

Mimi: Mzee, alivuka na watatu.

Rufaa: Ongeza wawili wa jirani. Kesi bila machozi ni ugali bila mboga. Rufaa yangu ya mwisho nilimtaja hata mbuzi wangu aliyekufa, na leo niko wapi?

Maître: Uko kwenye benchi.

Rufaa: Benchi la Australia, Maître!

Maître: Donc, machozi peke yake hayatoshi, wanataka preuve, ushahidi. Piga picha ya ukungu wa bafuni, ufa wa sebuleni, na yule mnyama anayekojoa juu ya dari.

Mimi: Possum?

Maître: Usiandike possum. Andika wanyama wa porini. Mficha uchi hazai!

Mimi: Mama Dévote atakubali tumuanike hivyo?

Rufaa: Nyumba njema si mlango. Kwa hiyo tung'oe mlango.

Maître: Hao wapimaji hawafiki mlangoni. Wanapima kwa setilaiti. Tutandike turubai juu ya paa lote.

Rufaa: La bluu?

Maître: Jeupe, lile la kambini! Setilaiti ikipita iseme: aa, hawa bado wako Nyarugusu, washushieni.

Rufaa akasimama kwa furaha, kahawa ikamwagika.

Rufaa: Na foleni! Tupange watu uani na madumu ya maji!

Mimi: Wamekataza kukusanyika, mzee.

Rufaa: Mita moja na nusu kila dumu. Foleni itaonekana ndefu zaidi!

Maître: Na getini tuandike: "Corona humu." Mtaa mzima utashuka thamani, majirani watatushukuru.

Hapo nilipaswa kusema jamani, tumcheni Mungu. Badala yake niliandika. Namba moja, mjane. Namba sita, turubai. Na Mungu anisamehe, niliupenda mwandiko wangu.

Mlango wa duka ukafunguka, akatoka dada mmoja na kikapu cha nguo. Hatukumjua. Akasema anaitwa Chepkoech, Mkenya, anahudumia wazee huko Quakers Hill.

Chepkoech: Poleni, wazee wangu, nimewaskia nikingoja mashine. Naweza ona hiyo barua?

Nikaiweka mwisho wa benchi nikarudi nyuma, akaichukua. Akasoma kurasa zote mbili. Zote mbili, jamani, kwa muda ambao Rufaa alipuliza kahawa yake.

Chepkoech: Lakini hii ni ardhi pekee. Nyumba hawajahesabu, hata mkiichoma.

Maître akakohoa, kisha akakumbuka kwamba mwezi huu hakuna kukohoa.

Chepkoech: Na wameandika mita za mraba elfu moja na kumi na mbili. Kwani ploti yake ni mita ngapi?

Maître akatazama ndoo yake. Rufaa akainamisha chupa, yakatoka matone mawili. Mimi nikauona akilini uwanja wa Mama Dévote: kamba ya nguo, mistari miwili ya lengalenga, mchicha wetu, kisha uzio wa mbao. Nyuma ya uzio ni nyumba ya mtu mwingine, maana mwenye nyumba wa zamani alikigawa kiwanja kabla ya kumuuzia mama nusu ya mbele. Tumekula maharage uani pale mara ishirini. Hakuna aliyewahi kuhesabu hatua.

Mimi: Sijui, dada.

Ndilo neno nililopaswa kusema mwezi wa kwanza.

Chepkoech: Basi pimeni. Kipimo kikiwa na makosa, hiyo ni sababu ya kupinga, imeandikwa hapa chini.

Akaenda kuwahi treni. Maître akasema ana mgongo. Rufaa akasema yeye ni mtu wa rufaa, si wa vipimo, na hata hivyo kahawa imeisha.

Mama Dévote nimempigia simu, nimemwambia yote. Akaniuliza kama ushuhuda wake bado unahesabika mbinguni. Nikamjibu sijui, ila Jumatano, siku ya mwisho ya kupinga, haijafika.

Utepe wa kupimia nimeazima, wa mita thelathini. Kesho ibada ni ya kwenye simu, na mama atakuwa zamu kazini. Ndugu unayesoma, usiogope corona, urefu wa utepe utatutenga. Njoo uani kwake saa nne asubuhi, naomba unishikie ncha ya pili.