Kadi ya Foleni

Treni ilipoondoka, mzee fundi viatu alijifanya anasinzia, apate kusikia vizuri. Mbele yake binti mmoja alikuwa akibishana na shangazi yake, mwamuzi wa mashindano ya mchezo wa kadi, ule ambao kila mchezaji huja na kadi zake mwenyewe.

"Shangazi, kadi hii tulipewa zawadi duka lilipofunguliwa. Nilipanga foleni mvua ikininyeshea. Kesho fainali, leo mnaipiga marufuku?"

"Zilitolewa mia mbili tu, mama. Watu wa mbali wangeipata wapi?"

"Basi waruhusuni wachore nakala kwenye karatasi."

"Halafu mvua yako uliyonyeshewa itakuwa ya nini?"

Binti aliirudisha kadi mkobani.

Mzee alichemka moyoni. Ndio zao wakubwa! Hata marehemu mkewe alipanga foleni ya dawa hospitalini tangu alfajiri, na alipofika dirishani akaambiwa utaratibu umebadilika. Lakini akawakumbuka pia waliotoka mbali siku ile, wakakuta geti limeshafungwa.

"Baba, naona hulali," mwamuzi alimwambia. "Wewe ungeamuaje?"

Miaka yote alikuwa akingoja mkubwa mmoja amuulize. Alifungua kinywa, treni ikasimama, na kituo kilikuwa chake cha kushukia.