Mama Rufaa Avua Joho

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, wakili wetu mwandamizi anastaafu. Humu ofisini hata mlinzi wa getini humwita Mama Rufaa, na jina hilo lina kisa chake. Nimeombwa mimi nikisimulie kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja, ghorofa ya pili, muda mrefu kuliko nilioishi na mume wangu. Nikitia chumvi atanisahihisha mwenyewe. Hajawahi kuacha kosa la mtu lipite.

Alikuja nchi hii akiwa binti mbichi, kusomea sheria. Darasani alikaa mstari wa mbele. Wengine walidhani ni bidii, kumbe wahadhiri walizungumza mbiombio na lafudhi yao ilimpiga chenga. Alihitaji kuwaona midomo. Akahitimu miongoni mwa wa juu kabisa, akadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza kumekucha.

Wenzake wenyeji waliajiriwa kabla picha za mahafali hazijatoka. Yeye alibisha hodi ofisi baada ya ofisi. Kila usaili ulikwenda vizuri mpaka lilipofika swali la kibali cha kazi, hapo nyuso zikabadilika. "Tutakupigia," walimwambia. Aliyepiga ni kaka yake, kutoka nyumbani.

"Mdogo wangu, rudi bwana. Shule ya hapa jirani inatafuta mwalimu wa historia."

"Kaka, mimi sikusoma historia."

"Si kuna sheria za zamani? Wafundishe hizo hizo!"

Alipofika kwetu, mwanzilishi wa ofisi hii, marehemu Mzee, hakuzunguka mbuyu. Alimuuliza, "Wenyeji wenye shahada wamejaa tele. Kwa nini nikuchukue wewe?"

Akajibu, "Mzee, nimekaa kwenye benchi lenu la mapokezi asubuhi yote. Nimewaona wageni wakichungulia mlangoni, kisha wanageuka na kwenda zao. Wale ni wateja wenu. Wanaogopa kuingia, na mimi najua wanaogopa nini. Tena lugha zao nazisema."

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Tangazo la kazi likatolewa, likitaka mwanasheria anayezijua lugha hizo. Hakujitokeza mwenyeji hata mmoja, na maombi ya kibali yakapelekwa.

Uhamiaji wakayakataa. Walisema kazi hiyo mwenyeji anaiweza. Akapewa mambo mawili achague: afungashe virago au akate rufaa. Akakata. Mzee alijitolea kumwakilisha, lakini yeye akaomba asimame mwenyewe. "Nikishindwa kujisemea," alisema, "nitamsemea nani?" Mzee akampa ruhusa ya kusoma katika maktaba yetu, na mimi, wakati huo mwanagenzi, nikapewa kazi ya kumtafutia vitabu. Ndipo tulipofahamiana.

Katikati ya hayo, mama yake akaugua. Angetoka nje ya nchi, rufaa ingehesabika imefutwa. Nilimkuta maktaba asubuhi moja, mkoba umeshafungwa uko miguuni pake, simu iko sikioni. Mama mtu alizungumza kwa nguvu hata nami nikasikia.

"Hapa nina dada zako, nina daktari, nina majirani wananichosha kwa uji. Wewe huko una nani? Usije kunipangusa jasho ukaacha shauri lako limelala. Simama, mwanangu."

Aliweka simu chini, akalia kwa kwikwi. Mimi nilikuwa nimeshika kitabu alichoniagiza. Baadaye akaenda kunawa uso, akarudi, akasema, "Haya, nipe hicho kitabu."

Siku ya kusikilizwa alivaa koti la kuazima, mikono inamfikia vidoleni.  Akasimama, akasema maneno ambayo bado huwa nayarudia kwa wanagenzi wangu: "Waheshimiwa, kanuni haiulizi kama mwenyeji anaweza kujifunza kazi hii siku moja. Inauliza kama yupo leo. Mwajiri alitangaza, akangoja, hakumpata." Baraza la rufaa lilijitenga kidogo, likarudi. Mwenyekiti akatangaza kuwa ameshinda, kisha akamsihi apunguze kasi ya kuzungumza, maana mwandishi wao ameishiwa pumzi.

Mama yake alipona, akaja kumwona akiapishwa kuwa wakili. Alipiga vigelegele kabla jaji hajamaliza sentensi yake, na jaji akangoja.

Tangu hapo kila Alhamisi mchana meza yake imekuwa ya wahitimu wa kigeni: wauguzi, wahandisi, wanasheria, watu wenye vyeti vizuri na usingizi wa mang'amung'amu. Hakuwashindia wote. Wapo aliowasindikiza uwanja wa ndege, na siku hizo hakuna aliyethubutu kumtania. Lakini walioshinda wametapakaa mji mzima. Ukienda naye hospitali hufiki dirisha la dawa, kila hatua anasalimiwa. Amekuwa pia mhitimu wa kwanza wa kigeni kuongoza idara katika ofisi hii. Kasoro zake ni mbili tu: hupayuka kwenye simu kama anayeita mtu ng'ambo ya mto, na biskuti za wenzake huziita mali ya umma.

Wiki iliyopita alimsindikiza mteja wake wa mwisho, mfamasia kijana, kuchukua kibali. Binti alitoka nacho mkononi, akamkumbatia, kisha akashtuka. "Sasa mama, nikikwama tena nitamwita nani?"

Mama Rufaa akamshika mkono wakili wetu mdogo, naye mhitimu wa kigeni aliyemlea mwenyewe, akamsogeza mbele. "Huyu hapa. Na wewe usikae mbali. Mwezi ujao kuna wafamasia wenzako wanafika, watahitaji mtu wa kuwaelekeza."

Binti akaomba namba za hao wenzake hapo hapo.

Dada yetu, asante kwa kazi, kwa ukali na kwa vicheko. Upumzike vyema, afya ikuandame, na sasa unaporudi nyumbani kwa kaka yako, ufike salama. Tunakutakia maisha marefu yenye heri.