Bi Eleza na Alhamisi Zilizofutwa

Dada yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuza mboga. Enzi hizo mtoto aliyejua kusoma alikuwa mali ya mtaa mzima. Akiwa darasa la tano, majirani walimwita awasomee karatasi za dawa, naye hakubanduka mpaka mgonjwa arudie kwa kinywa chake alichoelewa.

Alimaliza sekondari mwaka 1983, akaingia chuo kikuu kusoma Kiingereza, na mwaka 1990 akaajiriwa kukifundisha pale pale. Desemba 1992 aliolewa na fundi redio, mtu mpole aliyependa kusema kwamba redio pekee iliyomshinda kuzima ni ile aliyoioa.

Kazini alikuwa na desturi yake. Kila Alhamisi aliwapeleka wanafunzi wake hospitalini, penye dirisha la dawa. Mwanafunzi alichukua karatasi ya dawa iliyoandikwa Kiingereza, akamweleza mgonjwa kwa lugha ya nyumbani. Mgonjwa akishindwa kurudia, mwanafunzi amefeli, hata awe mtoto wa waziri. Ndipo wakambandika jina la Bi Eleza.

Aprili 2017 mkuu mpya wa idara alizifuta Alhamisi hizo. Alisema pale ni chuo, si zahanati. Likaletwa somo la Kiingereza na Malengo ya Maendeleo ya Taifa: insha, mabango, na makongamano yenye chai. Bi Eleza alisimama kikaoni.

"Mkuu, mwanangu, taifa gani hilo mnaloliendeleza bila kulisemesha?"

Walicheka. Watu wazima, wengine aliwafundisha mwenyewe, walicheka. Zamani mwalimu wako akisimama, ulimeza mate ukasikiliza.

Figo zilianza kumsumbua mwaka juzi. Alilazwa tarehe 2 Juni mwaka huu. Kijana mmoja aliyepata daraja la kwanza katika somo lile jipya alikuja kumwona, na maua mkononi. Bi Eleza akamwomba amweleze bibi wa kitanda cha jirani dawa zake. Kijana akatiririka, nusu Kiingereza, nusu upepo. Bibi alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Asante, mjukuu wangu. Sasa niitie mtu wa kunieleza."

Bi Eleza aliomba ainuliwe, akamweleza bibi mwenyewe huku pumzi zikimkatika. Kisha akamgeukia kijana.

"Kosa si lako. Walikunyang'anya kazi wakakupa cheti. Njoo kesho tuanze upya."

Kijana alikuja. Alikuta kitanda kimetandikwa shuka safi, maana dada yetu alifariki alfajiri ile, tarehe 11 Juni. Muuguzi anasema kijana alilia, akavuta kiti kwa yule bibi, akaanza tena, pole pole.

Marehemu ameacha mama, mume, watoto wawili, wajukuu wanne na kaka zake wawili. Jana mkuu wa idara alituletea shada lenye maneno ya Kiingereza. Mama yetu anauliza yanasemaje. Tunamwomba mkuu, kabla hatujafukia kaburi, asogee hapa mbele amweleze.

Dada yetu apumzike kwa amani. Sisi tunasubiri.