Friza Inayochomolewa Usiku

Mwenye friza nyumbani na atege sikio. Kadzo alipanda tuktuk Mwembe Tayari na ndoo yake ya samaki, akawakuta mama wa buibui na kaka mmoja aliyevaa kizibao cha bandarini wanabishana, na wala hawajuani.

"Friza yangu ni ndogo, lakini inakula tokeni za umeme kama ina watoto," alisema yule mama. "Nikienda kulala naichomoa. Asubuhi naichomeka."

"Na samaki waliomo je, mama yangu?" kaka aliuliza.

"Wanalala kama mimi."

Dereva akacheka. Kadzo hakucheka. Yeye pia huichomoa yake, mwezi wa pili sasa, na samaki anaowakaanga na kuwauza jioni kule ufukweni Mama Ngina hutoka humo.

"Wakiyeyuka ukawagandisha tena, unalisha watu sumu," kaka alisema. "Na asubuhi friza inaanza upya, umeme unakwenda ule ule. Umeokoa nini?"

"Wewe una mshahara! Ninunulie tokeni kwanza, ndipo unihubirie."

"Mama, mwanangu katoka hospitali jana. Alikula samaki wa kukaanga pale Mama Ngina."

"Basi ni pilipili hiyo! Watoto wa siku hizi matumbo yao mepesi."

Kadzo aliivuta leso akaifunika ndoo. Tuktuk iliposimama Mama Ngina, huku wale wawili bado wanarushiana maneno, kaka aliinama akamshushia Kadzo mzigo wake.

"Nzito hii, dada. Umebeba nini?"

"Nguo," alisema Kadzo, na maji ya samaki yanamchuruzika kaka wa watu mkononi.