Hela ya Chupa ya Mama Deodata

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu ya Nyakahura, Ndugu Mtendaji wa Kata, Baba Paroko pamoja na wachungaji mliotuheshimu kwa kufika, walimu, wafanyabiashara wenzangu wa soko hili, ndugu zangu wafugaji mlioacha mifugo kwa majirani ili muwepo hapa, wageni waalikwa kutoka Nemba, na ninyi jamaa wa Murusagamba mliokuja kumchukua mtu wetu: wazee wote, shikamooni. Wengine wote, habari za asubuhi. Na wale wa kwetu Usukumani, mwangaluka.

Nasikia minong'ono kule nyuma. Mnaulizana, inakuwaje Mhoja Bulugu, kati ya watu wote wa Nyakahura, ndiye apewe kipaza sauti kumuaga Mama Deodata? Mna haki ya kuuliza. Hata mimi niliuliza. Kamati ikanijibu kwamba Mama Deodata mwenyewe, Bonifasia wetu, ndiye aliyenichagua, na maneno yake yalikuwa haya: "Wengine watanisifu tu. Mhoja atasema ilivyokuwa." Basi ndugu zangu, nivumilieni, niseme ilivyokuwa.

Nilipofika hapa kutoka Shinyanga na kufungua duka la jumla, nilimkuta Mama Deodata ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wangu. Zamani hizo soda zilikuwa za chupa za kioo, na utaratibu mnaukumbuka: unakunywa hapohapo dukani, au unaacha hela ya chupa, ukirudisha chupa unapewa hela yako. Nani kati yenu aliwahi kuona chupa ya kioo imelala mtaroni? Hamkuiona. Hata ikiwa tupu ilikuwa na thamani, na chenye thamani hakilali mtaroni usiku hata mmoja.

Zikaja chupa za plastiki. Tukafurahi wote, mimi wa kwanza. Hakuna kreti za kubeba, hakuna kuvunjika, mtu ananunua, anapanda gari, anaondoka. Na chupa ikiisha, inatoka dirishani.

Miaka sita iliyopita Mama Deodata alikwenda Ngara kumzika shangazi yake. Walipokuwa wanavuka Ruvubu kwa kivuko, akatazama pembeni kwenye matete, akaona chupa zimejazana, zinacheza na maji. Akaona aina zilezile anazouza yeye, na wateja wake wengi ni hao hao wanaopita hapa kwenda Ngara. Aliporudi hakulala vizuri. Alikwenda shuleni kwa Mwalimu Kalista, ambaye namuona pale, akamuuliza, "Mwalimu, yale maji yanakwenda wapi?"

Mwalimu Kalista akashusha ramani ukutani, akamwonyesha kwa kidole: Ruvubu inaingia Kagera, Kagera inaingia ziwani, ziwa linatoa Naili, na Naili inapita nchi baada ya nchi mpaka inamwaga baharini. Mama Deodata akasema, "Kwa hiyo huko mwisho kuna mvuvi anavuta wavu, anapata chupa ya soda niliyouza mimi?"

Mwalimu akamwambia si zote zinafika, nyingi zinakwama njiani. "Basi," mama akasema, "hata ikifika moja."

Kesho yake akabandika karatasi mlangoni: kila chupa ya plastiki inauzwa kwa shilingi hamsini zaidi, rudisha chupa, chukua hamsini yako. Ili azitambue zake, alizipaka nukta ya rangi nyekundu kwenye kitako, moja moja, kwa mkono wake.

Na mimi nilifanya nini? Nilichukua chaki nikaandika ukutani kwangu, kwa herufi kubwa mno: HAPA HAKUNA HELA YA CHUPA. Wateja wakavuka barabara kama ng'ombe walioona majani mabichi. Naona mnacheka. Wakati ule nilicheka zaidi yenu.

Siku moja mchana akaja dukani kwangu.

"Bwana Bulugu, biashara inakwendaje?"

"Inakwenda vizuri sana, mama. Nakushukuru wewe."

"Nafurahi. Naomba waambie wateja wako wasitupe chupa zao mlangoni kwangu."

"Mama, chupa ikishauzwa si yangu tena."

"Sasa ni ya nani?"

Ndugu zangu, nilianza kupanga katoni ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Akanitazama kidogo, akaniaga kwa adabu, akaenda zake. Nusu ya wateja wake walikuwa wameshahamia kwangu. Akaanza kukaanga maandazi kila asubuhi ili duka lisifungwe, lakini ile karatasi hakuibandua.

Halafu ikaja Aprili ile, miaka minne iliyopita. Jumamosi, siku ya mnada, soko limejaa. Mvua ilinyesha kama imetumwa. Maji yaliteremka mtaroni kama kawaida, yakafika kwenye kalavati chini ya barabara, yakakataa kupita. Yakageuka, yakaingia sokoni. Kila mtu alibeba chake akakimbilia juu barabarani. Mimi nilikuwa na katoni mbili za biskuti kichwani.

Ndipo tukasikia sauti ya Mzee Anastazi, fundi viatu. Mnamjua, mguu wake mmoja haufanyi kazi, na kibanda chake kilikuwa kule chini kabisa, karibu na kalavati. Maji yalikuwa yamemfika kifuani, ameshika nguzo. Tulikuwa wanaume wangapi pale barabarani? Sitaki kuhesabu. Aliyeshuka ni Mama Deodata, na umri wake mnaujua. Alifunga kanga kiunoni, akaingia. Alipofika katikati akageuka, akapaza sauti mpaka mvua yenyewe ikasikia: "Mhoja! Weka hayo mabiskuti chini, uje!"

Nikaweka. Nikaenda. Nguzo ya kibanda ilikuwa imeanza kulegea tulipomfikia. Yeye alimshika kwapani upande huu, mimi upande ule, tukamtoa. Mzee Anastazi alilazwa wiki mbili kwa sababu ya maji yaliyoingia kifuani. Vifaa vyake vyote vilikwenda na maji. Lakini yupo pale, mstari wa pili, na viatu nilivyovaa leo amevishona yeye. Mzee, shikamoo.

Kesho yake, baada ya ibada, tulizibua kalavati. Mnakumbuka kilichotoka? Chupa. Chupa na matope, lundo lililonifika kifuani. Mtendaji aliyekuwepo wakati ule akawaambia vijana watenge zenye nukta nyekundu. Wakatenga kutwa nzima. Zilikuwa tisa. Tisa tu, katika lundo lile.

Hakuna aliyetaja jina langu. Hawakuwa na haja, kila jicho lilikuwa usoni kwangu. Nami nilikuwa nangoja Mama Deodata aseme, maana ilikuwa haki yake. Akainama, akaziokota zile tisa, akazitazama. Akasema, "Tisa ni nyingi. Nilidhani zangu zote zimerudi." Kisha akaomba gunia, akaanza kukusanya na zile nyingine.

Mheshimiwa Diwani, nimewahi kutukanwa, nimewahi kupigwa faini, lakini sijawahi kuadhibiwa namna ile.

Jumatatu nilifuta maandishi yangu ukutani, nikavuka barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Hayo tutayaongea tukimaliza kupaka. Shika brashi."

Hatujayaongea mpaka leo, kwa sababu chupa haziishi.

Mwaka ule haujaisha, maduka yote ya stendi yaliingia katika utaratibu wake, na magunia yakaanza kupakiwa kwenye lori kwenda Mwanza kwa wanunuzi wa plastiki. Msidhani njia ilikuwa laini. Juvenali, simama watu wakuone. Huyu ni dereva wa bodaboda, na kijiwe chake hakikosi kelele. Juvenali alikuja siku moja na chupa arobaini zenye nukta nyekundu, akadai hamsini zake arobaini. Mama Deodata akainusa moja. Akasema, "Juvenali, hii ni rangi ya kucha. Scola anajua umemmalizia chupa nzima?" Kijiwe kizima kikacheka, na Scola, mkewe, akamwongezea yake jioni. Lakini mama hakumfukuza. Alizigeuza zile chupa, akazichunguza, akamwambia, "Nukta zako zimenyooka kuliko zangu. Macho yangu yamechoka. Njoo kesho nikuajiri." Leo Juvenali ndiye anayekabidhiwa kazi yote. Mnamwona anavyofuta macho? Atasema ni vumbi.

Mheshimiwa Diwani, Mama Deodata hajawahi kujisifu kwamba ameisafisha bahari. Bahari ni kubwa, na sisi ni soko la kando ya barabara. Lakini tangu Aprili ile, kalavati letu halijaziba hata siku moja. Ombi letu kwako ni dogo: lifikishe jambo hili kwenye baraza, ili hela ya chupa iwepo Biharamulo yote, na wenzetu wa Ngara nao, kwa maana magari hayasimami Nyakahura tu, na mto hauulizi chupa imetoka kata gani.

Sasa anatuacha. Mama yake mzazi, kule Murusagamba, amezeeka, hawezi tena kujipikia, na Bonifasia anakwenda kumtunza kama yeye alivyotunzwa. Nani wa kumzuia?

Nimalizie na hili. Wiki iliyopita nilimpelekea mizigo yake kwa gari langu. Barabara mnaijua, tulifika tumekuwa wekundu kwa vumbi. Bibi alikuwa amekaa mlangoni juani, haoni vizuri. Akasikia Kiswahili changu chenye Kisukuma ndani, akauliza kwa Kihangaza huyu ni nani. Nikamwona Bonifasia anafikiri. Angeweza kusema ni jirani, ni mfanyabiashara mwenzangu, ni mwenye gari. Akamshika mama yake mkono, akasema neno, yule bibi akacheka, akanivuta karibu, akanipapasa uso wote, akaagiza nikatiwe mkungu wa ndizi.

Tulipokuwa tunashusha mizigo nikamuuliza, "Umemwambia mimi ni nani?"

Akasema, "Nimemwambia wewe ni mdogo wangu."

Miaka ishirini na miwili nimeishi upande huu wa nchi bila hata ndugu mmoja. Mheshimiwa Diwani, viongozi wangu, ndugu wageni, nawashukuru kwa kunitegea masikio muda wote huu. Naomba sasa nikae, nikae pale karibu na dada yangu, kabla gari lake halijaja.