Ngoma Ndogo ya Boaz

MUTISO: Haloo? Nani huyo? Sikupati vizuri.

MUSIMBI: Ni Musimbi. Dadake Boaz.

MUTISO: Aa, Musimbi. Sasa. Hapa Kawangware network ni ya kubahatisha. Mathe yuko aje?

MUSIMBI: Mama yuko. Mutiso, tangu ile Jumanne Boaz alitoka hapa Kianda kuja kwako na hakufika, nimewahi kukusumbua?

MUTISO: Hapana.

MUSIMBI: Leo nakusumbua. Ile game mlikuwa mnaunda na Boaz umeifanya nini?

MUTISO: Nimeimalizia tu. Si nilikutumia juzi—

MUSIMBI: Nimecheza. Hiyo si ngoma ya Boaz.

MUTISO: Ni yake. Nimeinyoosha tu. Ile ngoma ndogo ilikuwa inachelewa. Mtu anarusha ngumi, mdundo unakuja baadaye. Watu wangesema game ni mbovu.

MUSIMBI: Haikuchelewa. Hiyo ni isukuti, ngoma za kikwetu. Kubwa inaita, ndogo inakuja nyuma kidogo, makusudi. Kwetu mtoto anajua hivyo kabla hajatembea.

MUTISO: Mimi Mkamba ningejuaje?

MUSIMBI: Ungeuliza.

MUTISO: Ningemuuliza nani?

(Laini inakwaruza.)

MUSIMBI: Haloo?

MUTISO: Niko.

MUSIMBI: Hii yako nimefika hatua ya saba kwa siku moja.

MUTISO: Si unaona? Imekuwa rahisi.

MUSIMBI: Nimefika nikakuta Boaz hayuko. Hapo ndipo alikuwa anahesabu kwa mdomo. "Moja, mbili, haya ingia." Halafu mama anamwita chai, anacheka. Alitusikizisha siku alimaliza. Iko wapi?

MUTISO: Nilikata.

MUSIMBI: Ulikata.

MUTISO: Ilikuwa na kelele, sister. Masufuria, mtu anafua—

MUSIMBI: Hiyo ni nyumba yetu. Simu yake iliibwa palepale barabarani alipogongwa, unajua vizuri. Hatuna sauti yake mahali pengine. Rudisha.

MUTISO: Nili-save juu ya ile ya zamani.

MUSIMBI: Ai, Mutiso. Ulisikiza hiyo sauti ukaona ni kelele?

MUTISO: Sikuweza kuisikiza. Mimi ndio nilikuwa nimemwambia aje haraka.

MUSIMBI: Najua. Nilikuwa nimekaa kando yake ukipiga.

(Laini inakwaruza tena.)

MUTISO: Musimbi. Ile simu yake ya kujaribia game, yenye kioo kimepasuka. Bado mko nayo?

MUSIMBI: Mama ameifungia kwa kabati la vyombo.

MUTISO: Humo kuna ile game ya kwanza. Sijawahi kuigusa. Sauti imo.

MUSIMBI: Basi njoo uitoe.

MUTISO: Haitoki. Alifunga kila kitu na password, alikuwa anaogopa kuibiwa. Ni kucheza tu mpaka ufike hatua ya saba.

MUSIMBI: Hiyo? Hiyo nilicheza na yeye amekaa hapa ananicheka. Sijawahi kupita hatua ya pili. Lile jitu la mtaroni linaniua kila mara.

MUTISO: Unafuata ile taa inawaka kwa kioo?

MUSIMBI: Ikiwaka nabonyeza. Kwani?

MUTISO: Hata mimi. Nilikwama ya nne mwaka mzima. Alikuwa anasema tu, "Mutiso, funga macho." Nilidhani ni madharau.

MUSIMBI: Ngoja. Taa inawaka na ngoma gani?

MUTISO: Kubwa.

MUSIMBI: Na ngumi inafaa kuingia—

MUTISO: Sijui. Mimi nilikuwa—

MUSIMBI: Na ndogo. Ngumi inaingia na ndogo, ndio maana alikuambia ufunge macho. Huyu kijana alitusumbua bure.

MUTISO: Musimbi, mimi nime—

MUSIMBI: Kredo ya simu inaisha, imelia mara mbili. Jumamosi uje ukule. Mama hajakukasirikia.

MUTISO: Na wewe?

MUSIMBI: Mimi bado. Kuja tu.

MUTISO: Nitakuja. Na hiyo simu, usi-update kitu, usi—

MUSIMBI: Naiweka kwa chaji sasa hivi. Yeye yuko ya saba, mimi niko ya pi—

(Simu inakatika.)