Baridi ya Teksi ya Mjomba

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa kinyozi, na birika la kahawa juu ya jiko la mkaa. Wanaokaa hapo wanajua kila kitu. Barafu anajua kwa sababu aliwahi kuuza barafu. Kamusi anajua kwa sababu alikuwa tarishi wa mahakama, na kwa miaka thelathini alibeba mafaili ya watu wenye akili. Asiyejua kitu ni mmoja tu, yule msichana wa mwisho wa benchi, maana yeye ana shahada ya uhandisi wa mitambo. Walimbatiza Injinia kwa dhihaka wiki aliyorudi na cheti. Tangu hapo amepokea barua pepe kumi na saba za kunyimwa kazi, za *we regret to inform you*, na kila inapoingia mpya Kamusi huomba asomewe kwa sauti, eti anapenda Kiingereza chake. Asubuhi moja, saa tatu na nusu, jua limeshaanza ubabe wake, teksi ya mjomba wake Injinia ikasimama mbele ya benchi na vioo vimepandishwa vyote. Mjomba akashuka kalowa chapachapa.

— AC haipozi, alisema. Nimekwisha mimi.

Habari yake wote walikuwa nayo. Nesi wa mtaa wa pili alitafuta gari la kumpeleka mama yake hospitali mara tatu kwa wiki, mwaka mzima. Mama ana shida ya kifua. Joto hawezi, vumbi hawezi. Nesi alisema wazi: saa nne atakuja kukaa ndani ya gari mwenyewe. Likimpoza, kazi ni ya Mjomba. Lisipompoza, yuko mwenye gari mwingine anayesubiri.

— Kajaze gesi, alisema Barafu.

— Nimejaza mara tatu tangu mwaka uanze!

— Basi wamekuwekea gesi ya kiangazi. Umeuliza? Hukuuliza.

Kamusi alikunja gazeti lake la mwezi uliopita.

— Gesi haihusiki. Gari linatoka kiwandani na baridi yake ya maisha, imepimwa kabisa. Hili si umelinunua mkononi? Yule Mzungu aliyekuwa nalo mwanzo ameila yote. Wewe ndugu yangu ulinunua bodi na matairi. Baridi ilibaki kwa Mzungu.

— Mzungu kwao kuna baridi ya bure, aliuliza muuza kahawa, ya kwenye gari aile ya nini?

— Ndio uroho wenyewe huo!

— Hapana, hapana, alidakia Barafu. Redio! Umeme wote unaliwa na redio. Na yule mtangazaji wa asubuhi anavyobwabwaja, maneno yana joto yale. Sikiliza, Mjomba: nakuletea mapande mawili ya barafu, tunayasukuma chini ya kiti, nesi anakalia juu. Dakika tano tu anatetemeka, anatia saini.

Mjomba aliyafikiria kweli. Hapo ndipo Injinia alipoumia. Alikuwa ameshaapa kufunga mdomo, maana kila akisema neno kuhusu gari huambiwa vitabu na spana ni vitu viwili. Lakini mtu huyu ndiye aliyemrausha kila asubuhi ya mtihani na kumfikisha mlangoni, na katika mtaa mzima ndiye pekee aliyelitamka jina la Injinia bila kucheka. Leo anataka kumkalisha nesi wa watu juu ya barafu.

— Mjomba, fungua boneti. Washa gari, AC weka mwisho.

— Haya, vitabu vimeamka! Barafu akapiga makofi.

— Mzee Barafu, *with all due respect*, kunywa kahawa.

Aliinama kwenye injini, akagusa bomba jembamba, likamchoma. Akagusa nene. Lilikuwa limetoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji.

— Njoo uguse, mzee. Wewe si mtaalamu?

Barafu aligusa, akaurudisha mkono haraka.

— Mama yangu! Baridi!

— Basi gesi ipo, na kompresa inayoisukuma ni nzima. Baridi inatengenezwa, ila haifiki kwa abiria. Gesi hailiwi, Mjomba. Inazunguka humo humo kwenye mabomba. Kama hakuna panapovuja, haipungui. Hao waliokujazia mara tatu walikuwa wanakuchezea shere.

Akaingia ndani. Feni ilikuwa inanguruma kama mtu aliyekabwa koo, lakini kipande cha karatasi alichokiweka kwenye tundu la hewa hakikutikisika.

— Ina nguvu, haina pumzi, alisema.

Akakifungua kile kisanduku cha mbele ya abiria, akakibana mbavu zote mbili, kikaning'inia. Nyuma yake palikuwa na kifuniko. Akakibandua, akaingiza vidole, akavuta filta ya hewa.

Vichwa vinne vilibanana mlangoni. Filta ilikuwa nyeupe pe. Ilikuwa ndani ya nailoni yake, haijachanwa hata kona.

— Mpya hiyo, alisema Mjomba. Nilibadilisha mwezi wa pili.

— Mjomba. Nailoni.

— Fundi alitaka kuitoa. Mimi nikamkatalia.

— Ukamkatalia kwa nini?

— Isichafuke.

Injinia alitazama viti: nailoni. Usukani: nailoni. Hata kioo cha redio bado kilikuwa na ile karatasi yake ya dukani. Alitaka kugomba, kicheko kikamuwahi.

— Kazi ya filta ni kuchafuka, Mjomba! Inachafuka yenyewe ili kifua cha mama wa watu kibaki salama!

Akaichana nailoni kwa meno, akairudisha filta, akawasha.

Upepo ulitoka kwa kishindo. Gazeti la Kamusi lilipeperuka kurasa zote hadi kiti cha nyuma. Barafu akajitupa kiti cha mbele, akafumba macho, akagoma kushuka.

— Miaka kumi na mbili niliuza barafu, alinong'ona, sijawahi kuionja hii.

— Injiniaaa! Mjomba alipaza sauti mpaka kinyozi akatoka na wembe mkononi. Injinia wangu!

Na safari hii hakucheka mtu.

Nesi alifika saa nne kamili. Barafu akaburutwa nje, yeye akaingia, akafunga mlango. Zilipita dakika tatu, Mjomba anahesabu kwa midomo. Aliposhuka alikuwa amejikumbatia.

— Kesho saa moja asubuhi. Ila mpunguze kidogo, mama ataganda. Nani amelitengeneza?

Wote walimwonyesha Injinia. Kamusi alionyesha kwa mikono yote miwili.

— Dada, na langu la kwendea kazini linanichemsha humo ndani. Gereji yako iko wapi?

Barafu alichungulia ndani ya kikombe chake, kana kwamba gereji imo humo. Kamusi alilitazama benchi.

Injinia aliifuta mikono yake kwenye suruali, taratibu, mmoja baada ya mwingine.

— Lete gari, dada. Ukifika, gereji itakuwepo.

Kamusi akainuka, akaishika ncha moja ya benchi.

— Barafu, shika huko! Gari la watu litasimama wapi na sisi tumejazana hapa?